BCZT, KNN au BNT: uchague kauri gani isiyo na risasi?

Kisahani changu cha kwanza cha BCZT, kauri ya bariamu, kalsiamu, zirkoniamu na titaniamu, kiliuawa na waya. Kilikuwa kimetoka tanurini salama, kimepakwa fedha pande zote mbili, kimepigwa volti, na kwenye mita kilisoma vizuri kuliko chochote nilichowahi kupika. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikaushikiza waya juu ya ile fedha kwa sekunde chache tu. Niliporudi kwenye mita, namba ilikuwa imeanguka karibu na sifuri. Hakikupasuka, hakikuungua, hata rangi hakikubadilisha. Kilisahau tu.

Kauri za ukoo huu huitwa feroelektriki, na kazi yao yote inategemea kumbukumbu. Ndani ya fuwele, ioni ndogo ya katikati haikai katikati sawasawa. Imesogea upande, na kusogea huko kunakipa kila kipande cha fuwele ncha chanya na ncha hasi. Ukiipiga kauri volti kubwa, ncha hizo hujipanga kuelekea upande mmoja na kubaki hivyo. Tangu hapo ukiibana inatoa chaji, na ukiipa umeme inajinyoosha au kujikunja. Kiberiti cha gesi cha kubofya, kile kinachopiga mlio ndani ya saa ya mezani, kichwa cha mashine ya ultrasaundi hospitalini: vyote vinaishi kwa kanuni hiyo. Lakini kauri ikipashwa moto kupita halijoto yake ya Curie, ioni zinarudi katikati na mpangilio wote unafutika. Kwa BCZT hiyo ni nyuzi 93 za Selsiasi. Ncha ya chuma cha kulehemu inapita 300.

Ndiyo maana nasema wazi mapema: anayeanza kuchagua kwa kuuliza “ipi ina d33 kubwa?” ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. (d33 ni idadi ya pikokulombi za chaji unazopata kwa kila niutoni moja ya kani, ndiyo namba ambayo kila mtu hujisifia.) La kwanza ni hili: kifaa chako kitakutana na joto gani maishani mwake, tangu siku ya kuunganishwa nyaya?

Hizi hapa namba za kuanzia, zikiwa pamoja na PZT (kauri ya metali ya risasi, zirkoniamu na titaniamu) ili ujue tunakimbizana na nani. BaTiO₃ ni titanati ya bariamu, KNN ni ya potasiamu, sodiamu na niobiamu, na BNT ni ya bismuthi, sodiamu na titaniamu.

| Kauri | d33 (pC/N) | Kumbukumbu inafutika (°C) | Kinachosumbua |
|---|---|---|---|
| PZT-5A | 374 | 365 | risasi |
| PZT-5H | 593 | 193 | risasi |
| BaTiO₃ tupu | 190 | 120 hivi | joto |
| BCZT | hadi 620 | 93 | joto, na tanuri la moto mkali |
| KNN tupu | 80 | 420 | unyevu, uchomaji |
| KNN yenye lithiamu, tantalamu na antimoni | 300 hadi 416 | 253 | bei, upishi mgumu |
| BNT yenye BaTiO₃ 6% | 125 | 100 hivi | volti za kuipanga |

Ukitazama haraka utasema BCZT imeshinda, tena imeipita hata PZT. Angalia safu ya joto, ile ya tatu, kabla hujaagiza unga.

Kwa nini tuihame PZT

PZT imetawala tangu miaka ya 1950 na haijatawala kwa bahati. Ila zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni risasi, na oksidi ya risasi hupenda kuruka na moshi wakati wa kuchoma, halafu kifaa kikichakaa inaishia jalalani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kuelezwa risasi inafanya nini mwilini mwa mtoto. Yao ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, lakini ni metali ileile. Umoja wa Ulaya ulianza kuibana risasi kwenye vifaa vya elektroniki Julai 2006, kikomo kikiwa asilimia 0.1, ila kauri za PZT zikapewa msamaha kwa sababu mbadala wa kweli haukuwapo. Msamaha umekuwa ukirefushwa.

Siri ya PZT ni mchanganyiko wenyewe. Zirkoniamu ikiwa nyingi, fuwele huchukua umbo moja, linaloitwa rombohedra. Titaniamu ikiwa nyingi, huchukua jingine, tetragona. Kwenye 52 kwa 48 maumbo hayo mawili yanakutana, na fuwele iliyo pale mpakani ni kama mtu aliyesimama mlangoni: ukimsukuma kidogo tu anaingia chumba chochote. Kusukumika huko kirahisi ndiko kunakoleta d33 kubwa. Na mpaka wa PZT umesimama wima. Ukipasha joto, mchanganyiko wako unaendelea kuwa mpakani mpaka karibu na Curie.

Kauri zisizo na risasi nazo zina mipaka, ila mingi imelala. Unaupata leo kwenye nyuzi 25, kesho kwenye nyuzi 70 umeshauacha nyuma. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini ni namna ya watu kuuburuta mpaka ulioinama hadi kwenye joto la chumbani, na gharama wanayolipa kwa kuuburuta.

Ukoo wa bariamu: rahisi kupika, mwoga wa jua

BaTiO₃ ilijulikana wakati wa Vita Kuu ya Pili na ndiyo bado inajaza kapasita ndogondogo ndani ya simu yako. Tupu, inabadili umbo mara tatu ikipoa: karibu nyuzi 120, karibu nyuzi 5, na karibu nyuzi 90 chini ya sifuri. Fomula yake ina viti viwili, kikubwa anachokalia bariamu na kidogo anachokalia titaniamu. Uzuri wa ukoo huu ni kwamba kila mgeni unayemkaribisha ana tabia inayotabirika.

Strontiamu kwenye kiti cha bariamu inashusha Curie kwa nyuzi tatu hivi kwa kila asilimia moja. Fika asilimia 30 na umeishusha hadi joto la chumbani. Nzuri kwa anayetaka kapasita inayobadilika kwa volti, mbaya kwa anayetaka kihisi. Kalsiamu, kwa upande wake, karibu haiigusi Curie, lakini inazisukuma chini zile hatua za baridi, kwa hiyo umbo la tetragona linakaa imara kwenye eneo pana zaidi. Zirkoniamu kwenye kiti cha titaniamu inafanya jambo la ajabu kidogo: inashusha hatua ya juu huku ikipandisha zile mbili za chini, mpaka karibu asilimia 15 zote tatu zinabanana mahali pamoja. Ukizidi sana hapo, hatua zinayeyuka kuwa mteremko mpana usio na kona, na kumbukumbu inadhoofika.

Mwaka 2009 Liu na Ren walichanganya kalsiamu na zirkoniamu kwa pamoja na kupata d33 ya 620. Fomula ni (Ba₀.₈₅Ca₀.₁₅)(Zr₀.₁Ti₀.₉)O₃, ndiyo hiyo BCZT. Kwa anayetaka kupima kwenye mizani, gramu 100 za kauri iliyokamilika zinahitaji kabonati ya bariamu gramu 75.24, kabonati ya kalsiamu 6.73, oksidi ya zirkoniamu 5.53 na oksidi ya titaniamu 32.24. Jumla inapita 119 kwa sababu karibu gramu 20 ni kabonidayoksaidi itakayotoka tanurini. Na usidanganywe na maneno “haina risasi”: kabonati ya bariamu iliwahi kuuzwa kama sumu ya panya. Vaa barakoa, nawa mikono, usinywe chai kwenye meza ya kupimia.

Unga wote huu hauogopi unyevu, unasagwa kwa urahisi, na ukikosea asilimia moja haukuadhibu vikali. Ndiyo sababu ningempa mwanafunzi wa mradi wa mwaka wa mwisho BCZT kabla ya kitu kingine chochote. Kikwazo ni tanuri. Inataka nyuzi 1450 au zaidi, na tanuri nyingi za vyuo zinaishia 1200. Ukiichoma kwa moto pungufu, punje zinabaki ndogo, matundu yanabaki, na ile 620 unaisoma kwenye makala za wenzako tu.

Halafu kuna jua. Dashibodi ya gari lililoegeshwa mchana bila kivuli Dar es Salaam au Mombasa, au kisanduku cheusi juu ya paa la bati, si mahali pa kauri inayofutika kwenye 93. Haihitaji kufika 93 yenyewe. Inaanza kupoteza makali mapema zaidi, maana mpaka wake uliolala umeshapita.

KNN: ngumu kupika, inayojua kuvumilia

KNN ni potasiamu, sodiamu na niobiamu: K₀.₅Na₀.₅NbO₃. Egerton na Dillon wa Bell Labs waliipima mwaka 1959, ikatoa d33 ya 80 hivi, watu wakaiacha na kurudi kwa PZT. Kilichowapita ni ile Curie ya nyuzi 420.

Shida yake ni kwamba mpaka kati ya maumbo mawili uko juu mno, karibu nyuzi 200. Kwenye joto la chumbani fuwele imekaa chumbani kabisa, iko mbali na mlango. Kazi ya miaka yote iliyofuata imekuwa kuushusha mlango huo. Lithiamu kidogo, asilimia tano au sita kwenye kiti kikubwa, inaushusha hadi karibu na joto la kawaida na wakati huohuo inapandisha Curie. Ni nadra kupata kiungo kinachotoa bila kudai! Tantalamu na antimoni kwenye kiti cha niobiamu zinaongeza ulaini na d33, ila zenyewe zinadai, kwa kuishusha Curie.

Mwaka 2004 watafiti wa maabara za Toyota pamoja na Denso walivitia vyote vitatu: (K₀.₄₄Na₀.₅₂Li₀.₀₄)(Nb₀.₈₆Ta₀.₁₀Sb₀.₀₄)O₃. Mchanganyiko huo ukichomwa kwa njia ya kawaida ulifika 300. Walipotanguliza vijisahani vyembamba vya fuwele ili punje zote zikue zikitazama upande mmoja, ukafika 416, Curie ikiwa 253. Nakushauri utazame ile 300, kwa sababu 416 ni kazi ya usanii wa tanuri ambao huna wala mimi sina. Miaka kumi baadaye kikundi cha Chuo Kikuu cha Sichuan kilifika karibu 490 kwa njia nyingine: kilishusha hatua ya juu na kupandisha ya chini mpaka zikakutana, ujanja uleule wa zirkoniamu ndani ya BaTiO₃.

Sasa upishi. Kabonati ya potasiamu inakunywa unyevu wa hewani ukiiangalia. Ukiipima asubuhi ya Aprili hapa pwani bila kuikausha kwanza, umepima maji, na mchanganyiko wako umepungukiwa potasiamu kabla hujaanza. Tanurini, potasiamu na sodiamu hutoroka na moto. Na nafasi kati ya “haijaiva” na “imeyeyuka” ni nyembamba: unachoma karibu nyuzi 1100, na kufika 1140 imeanza kuyeyuka. Mimi niliwahi kuviacha vidonge vya KNN mezani wikendi ya mvua. Jumatatu vingine vilikuwa vimeanza kubomoka pembeni, vinanata. Kosa lilikuwa langu: uwiano haukuwa sawa, na alkali iliyobaki bila kuungana ilikuwa imekunywa hewa. KNN iliyopikwa sawasawa na kubanana vizuri haifanyi hivyo, ila kufika “sawasawa” kulinigharimu mwaka mzima.

Kiungo kinachosaidia ni oksidi ya shaba. Kidogo tu, inaifanya KNN ibanane kwa moto mdogo zaidi, na tena inaifanya “ngumu” kwa lugha ya fani hii: inatetemeka muda mrefu bila kupata moto. Kipimo cha utetemekaji huo, Qm, kimewahi kupita 1000 kwenye KNN yenye shaba. d33 haipandi, lakini kwa kifaa cha kusafishia vyombo kwa mawimbi ya sauti, au cha kuchomelea plastiki, Qm ndiyo unayoilipia.

Neno kuhusu bei na mahali vitu vinapotoka. Zaidi ya nusu ya uzito wa KNN ni niobiamu, ambayo nyingi duniani inatoka Brazil. Mlima wa Panda karibu na Mbeya una akiba yake pia. Tantalamu ndiyo iliyomo ndani ya koltani, na wasomaji wa Kivu wanajua koltani imeandamana na nini. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi uliofuatilia mazingira tangu mgodini hadi kauri kukamilika, ukakuta KNN inaharibu zaidi ya PZT katika hatua hizo, na niobiamu ndiyo yenye mzigo mkubwa. Kwa hiyo ukitaka KNN, mimi naegemea ile isiyo na tantalamu hata ukipoteza pikokulombi kadhaa.

BNT: kwa anayetaka kusukuma

Bi₀.₅Na₀.₅TiO₃ ilitoka Leningrad, kwa Smolenskii na wenzake, mwaka 1960. Wazo lake ni la kiakili: bismuthi ni jirani wa risasi kwenye jedwali la elementi, nayo ina jozi ileile ya elektroni za nje inayoipotosha fuwele na kuipa nguvu. Haina sumu ya risasi. Kinachokera ni ubishi wake. Ili kugeuza mwelekeo wa BNT tupu unahitaji kilovolti 73 kwa sentimeta. Kisahani cha unene wa milimita moja kinadai volti 7,300 ndipo kianze kusikia. Wengi wetu hatuna chanzo hicho, na tulio nacho tunakiogopa.

Takenaka mwaka 1991 aliongeza BaTiO₃ asilimia 6 na kuufikia mpaka. Ubishi ukapungua, d33 ikapanda hadi 125, lakini kumbukumbu ikaanza kufutika karibu nyuzi 100 badala ya karibu 190. Ukisimama hapo utasema haifai: imezidiwa na BaTiO₃ tupu.

Ila ongeza KNN asilimia 2 juu ya hiyo. d33 inaanguka kabisa, kwa sababu kauri haina tena kumbukumbu ya kudumu kwenye joto la chumbani. Volti ikija inajipanga yote kwa mara moja, volti ikiondoka inarudi. Kikundi cha Darmstadt kilipima mnyooko wa asilimia 0.45 mwaka 2007, kwa volti 8,000 kwa milimita. Kauri chache zinafika huko, hata zenye risasi. Kwa hiyo asilimia 2 imegeuza kihisi dhaifu kuwa msukumaji hodari, na anayechagua kwa d33 peke yake angeitupa.

BNT ina mtego mwingine ambao nauheshimu sana. Bismuthi huruka na moto kama risasi. Mwaka 2014 watafiti wa Sheffield na wenzao walionyesha kwamba bismuthi ikipungua kutoka 0.50 hadi 0.49, kauri inaacha kuwa kihami na kuanza kupitisha ioni za oksijeni, hata ikafikiriwa kwa seli za mafuta (fuel cell). Ikizidi kidogo, inabaki kihami kizuri. Ukiona BNT yako inavuja umeme na inachemka unapoipiga volti, usiilaumu mashine. Rudi kwenye mizani, ongeza bismuthi kidogo, na uichome ikiwa imefukiwa ndani ya unga wa aina yake.

Mimi ningechukua ipi

Kihisi cha kukaa ndani ya nyumba, kipaza sauti, mradi wa chuo, kuvuna umeme mdogo kutoka hatua za miguu chini ya paa: BCZT, ikiwa tanuri lako linafika. Kama halifiki, BaTiO₃ yenye kalsiamu kidogo, na ukubali d33 ndogo.

Chochote kinachokaa karibu na injini, juani, au ndani ya bomba la maji moto: KNN yenye lithiamu na antimoni. Hapa sioni mpinzani. Kama huwezi kuidhibiti alkali, nunua unga uliokwisha kupikwa badala ya kupima kabonati mwenyewe kwenye hewa ya pwani.

Mawimbi yenye nguvu, masaa mengi bila kupumzika: KNN yenye shaba, au BNT iliyotiwa manganizi ili isivuje. Kusukuma na kusogeza, vali au pampu ndogo: BNT yenye BaTiO₃ na KNN, kwa tabaka nyembamba, kwa sababu tabaka la robo milimita linadai volti 2,000 tu pale ambapo milimita nzima ilidai 8,000.

Na kama ni kichwa cha ultrasaundi cha kumwangalia mtoto tumboni, kwa sasa ningebaki na PZT, nikahakikisha kinarudishwa kiwandani kikifa.

Kisahani changu kile bado ninacho. Nilikitumbukiza kwenye mafuta ya silikoni, nikakipiga volti upya kwa nusu saa, kikakumbuka. Waya wa safari hii niliubandika kwa gundi ya fedha inayokauka bila moto.